Mihayo na Kiti Changu

Mpaka sasa hivi kichwa changu kinakataa. Mihayo amekufa. Mtu aliyechelewa kila mahali maisha yake yote, hili ndilo aliloamua kuliwahi.

Mliozoea kuniona humu nikilalamikia maji na umeme, leo namlalamikia rafiki yangu. Tumemzika jana alasiri hapa Tabora, na bado nina hasira naye.

Tulijuana ofisini, kwenye ushirika, miaka ile ya Ujamaa. Mimi kijana wa Kizaramo niliyeletwa na treni kuja kuwa karani, yeye Mnyamwezi wa hapahapa, mtunza stoo. Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa meza yangu, akaniuliza kama kwetu tumeshajifunza kula chakula kisicho na nazi. Nikajua nimepata mtani, maana Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za babu.

Useremala haukuwa kazi yake. Akitoka ofisini alikwenda uani kwake Kitete kuranda mbao, na hakuuza hata mwiko. Vyote vilikuwa zawadi kwa mama yake, dada zake, na sisi wenzake. Shida ni kwamba zawadi zenyewe zilifika watu wameshazisahau.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Mihayo aliahidi kitanda cha mtoto. Kilikuja mtoto yuko darasa la pili. Kizuri kweli, kimepakwa nta ya nyuki mpaka nyumba nzima inanukia asali, na mtoto amelala humo miguu inaning'inia nje.

Ukimuuliza, jibu lilikuwa lilelile. "Mninga haujakauka, Mzaramo. Nikiunga mbao mbichi itapinda, halafu utanitangaza mji mzima." Bosi naye akidai ripoti ya stoo aliambiwa hivyohivyo, kwamba bado haijakauka.

Mke wangu yeye alipata mbuzi ya kukunia nazi. Tabora hii, ambako nazi siku hizo ilikuwa mpaka mtu akuletee kwa treni. Nilipomuuliza Mihayo tutakuna nini, akasema hilo ni jukumu la Wazaramo, yeye upande wake amemaliza.

Mama yake alikuwa anakaa njia ya kwenda Nzega. Ilipokuja amri ya kuhamia kijiji kipya, majirani walibeba mahindi, kuku na vyungu. Mihayo akang'oa kwanza mlango aliomtengenezea mama yake, akaufunga juu ya mkokoteni, akaniambia nisukume. Nikasukuma, na shati la ofisini mwilini.

Tulikokwenda tulikuta kiwanja kitupu. Mama akakaa chini kwenye jua. Mihayo akachimba, akausimamisha ule mlango na fremu yake kabla ya kuwepo ukuta hata mmoja. Niliona huyu sasa amechanganyikiwa.

Nikachukua maji nimpelekee mama, nikapita pembeni ya mlango. "Wewe wa pwani," mama akaniita, "kwenu mnaingia nyumba za watu kwa kupenya ukutani?" Ikabidi nirudi, nibishe hodi, nifungue, niingie, nimwamkie shikamoo upya. "Marahaba, karibu ndani," akasema, na ndipo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Sasa njoo kwenye kiti changu. Siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, Mihayo alisimama akaahidi kunitengenezea kiti cha kuegemea, kiti cha baba mwenye nyumba. Wakwe walimpigia makofi. Baba mkwe amekwenda kaburini akiulizia kile kiti.

Kila Ijumaa baada ya swala nilitoka kwangu Mtendeni kwenda Kitete kudai. "Babu zako wapagazi walibeba pembe za ndovu za watu kwa miguu mpaka kwetu pwani," nilimwambia, "wewe kiti kimoja kukifikisha Mtendeni kinakushinda?"

"Kaa hapo kwanza upumzike," alijibu. "Kinakauka." Basi nakaa pale mlangoni, naletewa kahawa na karanga, tunagombana mpaka jua linashuka, narudi nyumbani mikono mitupu. Tukastaafu, tukapata wajukuu, kiti kinakauka. Mbao gani hiyo?

Jana jeneza lilipotaka kutoka, nikafanya kazi ya mtani. Nikaketi sakafuni mlangoni, nikanyoosha miguu, nikasema mtu huyu hatoki ndani humu mpaka kiti changu kitoke. Vijana waliokuja kutoka Dar wakaduwaa, mmoja akanishika mkono aniinue. Wazee wakamwambia amwache mzee, huyo ni mtani, yuko kwenye haki yake.

Ndipo mke wa marehemu, Bi Tatu, akasema kutoka chumbani, "Shemeji, si hicho hapo nyuma yako?"

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na kile kiti cha mlangoni, ninachokalia kila Ijumaa.

"Kimekwisha tangu watoto wadogo," akasema. "Hata wanawe alikuwa anawafukuza wasikikalie. Nilimwambia mpe mwenzio kiti chake. Akasema, akishakichukua, akija hapa atakaa wapi?"

Jamani. Mtani msibani kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, halii. Mimi nililia pale sakafuni, mbele ya watu wote, mpaka wazee wakanishika huku na huku kuniinua ili jeneza lipite. Hata hiyo kazi ameniharibia.

Mihayo, umenichosha. Nimekudai kiti maisha yangu yote nikiwa nimekikalia, na wewe unanitazama tu, unatafuna karanga.

Sikukichukua. Nimemwambia Bi Tatu akiache palepale mlangoni. Ijumaa nitakuja kukikalia, niendelee kukusema.

Haya, lala sasa, mpagazi wangu. Mzigo wangu umenifikia.