Mwanamke Aliyekataa Kuonja

Nyirabahizi simpendi, na hilo nalisema mapema ili mtu asije kunishangaa mbele ya safari. Sikumpenda alipokuja kambini kwetu, na baada ya yote yaliyotokea bado sijampenda. Lakini watu wa Nyakisasa, kambi yetu ilipokuwa, wakimsimulia, huyu anamfanya malaika na yule anamfanya mchawi. Mimi Rogasian nilikuwepo, basi nisimulie mimi.

Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mkavu, mzaliwa wa kijiji cha Mugoma. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda kabla yeye hajazaliwa, wakapata ardhi, wakalima migomba na maharage mpaka wakazikwa humo humo shambani. Mume alimfia akiwa bado kijana. Kijiji kikamchagua kuwa mhudumu wa afya, akapelekwa semina Biharamulo wiki mbili, akarudi na begi la bluu na daftari. Tangu siku hiyo Mugoma hawakupumzika. Alikuwa anaingia kwenye miji ya watu asubuhi, hajakaribishwa hata maji, anauliza choo kiko wapi. Hata shemeji yake mwenyewe, kaka wa marehemu mumewe, Nyirabahizi alimfikisha kwa mtendaji wa kata kwa kosa la kutochimba choo. Huyo ndiye mtu tuliyeletewa.

Sisi tulikuwa vibarua hamsini na nane, tunachimba mitaro ya barabara. Kulikuwa na Wasubi kama mimi kutoka Biharamulo, Wahangaza, Wasukuma, na watoto wa watu waliotoka Burundi. Mkandarasi alitujengea bweni moja la mabati, vitanda vya ghorofa vimebanana hivi kwamba ukijigeuza unampiga mwenzako kiwiko. Vyoo vilikuwa viwili. Maji tulichota bondeni, na ng'ombe walikunywa hapo hapo. Mkandarasi mwenyewe alilala mjini, kwenye nyumba yenye bomba, na hilo likumbukwe wakati wa kugawana lawama.

Kipindupindu kiliposikika vijiji vya jirani, kata ilifunga geti letu na kumweka Nyirabahizi mlangoni. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Alikuja na ndoo za koki, pipa la klorini na sauti kama ya kengele ya shule. Nusu ya vitanda akavitoa nje, chini ya turubai. Kila mtu akapewa kikombe chake chenye namba, na ole wako akukute na cha mwenzio. Ukitoka chooni anakusimamia unawe, mtu mzima na ndevu zako, kama mtoto wa chekechea. Chakula kikawa kinanuka klorini, shati linanuka klorini, hata usingizi ulinuka. Tukamwita Mama Klorini. Mimi shikamoo yangu nilimnyima, na ni mtu wa umri wa mama yangu. Nilifanya makusudi, naye alijua.

Jumapili ya kwanza ndipo palipoharibika. Mama mmoja wa jirani alitupitishia chungu cha rubisi, pombe ya ndizi, kwenye tundu la uzio, tukakaa kukizunguka, mrija unatoka mdomo huu unaingia mdomo ule. Kwetu, mkinywa mrija mmoja hakuna anayeuliza kama mnapatana. Mrija wenyewe alikuwa ameutengeneza Ndayisenga, jirani yangu wa kitanda, jitu la miraba minne lililokuwa linatuchekesha mtaroni mpaka tunasahau jua. Nyirabahizi akatokea, hakusalimia. Aliunyofoa mrija mdomoni mwa mtu, akauvunja, akautupa motoni, na chungu akakipindua.

Ndayisenga akasimama. "Wewe mama ni mchawi," akamwambia. "Hata mumeo alikukimbia, akaingia kaburini."

Lilikuwa neno baya, na tulicheka. Nyirabahizi hakucheka wala hakulia. Alimtazama akasema, "Endelea tu. Utakufa na mrija wako mdomoni."

Watu hamsini na nane tulisikia.

Jumanne alfajiri Ndayisenga akaanza kuhara na kutapika, maji meupe kama ya mchele uliooshwa. Nyirabahizi alimhamishia kwenye stoo ya makoleo, akapiga simu wilayani. Wakamwambia gari linakuja, lakini mvua imeharibu njia. Bodaboda wawili wa pale nje walimwangalia mgonjwa, wakawasha pikipiki zao wakaondoka. Akachanganya jagi la maji ya dawa, yale ya chumvi na sukari ya pakiti, akatuambia wazi, "Mpaka gari lifike, kitakachomshika ni haya. Kila akihara, kikombe. Asipokunywa, hafiki jioni."

Akajaza kikombe, akampelekea mdomoni. Ndayisenga akafumba mdomo.

"Onja kwanza," akasema.

Hapa asiye wa kwetu anisikilize. Huku kinywaji hakimfikii mtu kabla anayekitoa hajakionja mbele yake. Awe mama yako mzazi, ataonja. Asiyeonja ana jambo lake, na kama juzi mligombana, basi jambo lenyewe unalijua. Baba yake Ndayisenga alikufa baada ya kunywa pombe ambayo mwenye nyumba hakuionja. Ndivyo walivyoamini kwao, na ndivyo alivyokua akiambiwa.

"Kikombe cha mgonjwa hakiguswi na mdomo wa mwingine," Nyirabahizi akajibu. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mama, mila unazijua," akamwambia Nyandwi, mzee wetu wa kikosi, tena kwa adabu. "Onja kidogo tu, anywe."

"Mila nazijua. Kipindupindu nacho nakijua. Sionji."

Kiburi! Kichwa kama jiwe la kusagia! Wakati huo wengine wawili wakaanza kutapika bwenini, naye akawa anatakiwa kila upande. Akanipa glavu, akanikabidhi jagi na kikombe. "Wewe ni rafiki yake. Kwangu hataki, mnyweshe wewe. Usiache hata kimoja."

Nikaingia. Ndayisenga alikuwa ameshalegea, midomo imemkauka.

"Ameonja?" akaniuliza.

"Hajaonja."

Akageuzia uso ukutani. Nami nikatoka na kile kikombe, nikakimwaga nyuma ya stoo. Nyirabahizi akapaza sauti kutoka bwenini, "Amekunywa?" Nikamjibu, "Amekunywa." Kikombe cha pili nilikimwaga, na cha tatu, mpaka jagi likaisha. Akalijaza tena, na hilo nalo nililimaliza vile vile. Nilijiambia namlinda mwenzangu. Tena, nisifiche, nilisikia raha kumdanganya yule mwanamke.

Kufikia saa saba macho ya Ndayisenga yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imejikunja. Nyirabahizi alikuja, akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Akanitazama. "Amekunywa vyote hivi?" Nikasema vyote. Alikimbia getini kupiga simu tena. Ndayisenga alikata roho saa nane, mkono wake ukiwa umeshika suruali yangu. Gari lilifika saa tisa. Wakamzika watu wenye mabuti na barakoa, hakuna hata mmoja wetu aliyerusha udongo.

Jumatano kambi ilikuwa inataka kuvunja geti. Wagonjwa walikuwa wameshafika saba na hakuna aliyekubali maji ya Mama Klorini. Alitutazama, macho mekundu, hajalala. Kisha akaleta jagi na vikombe viwili. Akamimina cha kwanza, akakinywa mbele yetu mpaka tone la mwisho, akakipindua tuone. Akamimina cha pili kutoka jagi lile lile, akampa Nyandwi. Nyandwi akanywa. Baada yake wakanywa wote, wazima kwa wagonjwa. Jioni ile ile watu walianza kunawa bila kusimamiwa.

Waliougua walifika kumi na mmoja, na baada ya Ndayisenga hakufa mtu. Wiki ya tatu bwana afya wa wilaya alikuja, akasoma daftari, akampongeza Nyirabahizi mbele ya mkandarasi, geti likafunguliwa. Watu wakampigia makofi. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mnampigia makofi ya nini?" nikapiga kelele. "Vikombe viwili! Kumbe ilikuwa ni vikombe viwili tu! Jumanne viwili hivyo vilikuwa wapi? Umemuua mwenzangu kwa kiburi chako, wewe mama!"

Nilidhani atanijibu kwa ile sauti yake ya kengele. Aliongea polepole.

"Ni kweli, Rogasian. Sikufikiri. Jambo dogo vile, na mimi sikulifikiri mpaka mtu alipokufa. Nitaulizwa na Mungu, na nitajibu." Akafunga begi lake. "Ila nyuma ya stoo nilikuta ardhi imelowa. Niliinyunyizia klorini kwa mikono yangu, sikumwambia mtu. Sasa nikuulize na wewe. Kikombe kilikuwa mkononi mwako asubuhi nzima. Mimi alinichukia, lakini wewe ulikuwa ndugu yake. Kwa nini hukuonja wewe?"

Nyandwi akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Simpendi Nyirabahizi. Tukikutana sokoni navuka upande wa pili, maana najua akinisalimia nitatakiwa kumjibu lile swali lake. Ningeonja mimi, Ndayisenga angekunywa.