Gia ya Tano ya Mutiso

Ni Jumapili asubuhi, Waiyaki Way haijaamka vizuri, na kando ya barabara pale Uthiru chupa ya soda inaning'inia kwenye nguzo ya kioo cha gari dogo la bluu. Ndani hamna soda. Ni petroli, nusu lita, na kimpira chembamba kinaishusha chini ya boneti hadi kwenye injini.

Anayekaza kimpira hicho ni fundi Lenox wa Riruta. Hivi ndivyo anavyopima magari ya zamani: analinyima gari tangi lake, analipatia chupa, kisha anatazama litafika wapi. Msomaji asiye fundi asijaribu, tafadhali.

Kwenye usukani ameketi Bw Mutiso Kitavi, dereva wa teksi, amevalia suti ya kanisani na uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kando yake ni mkewe, Bi Ndunge. Kiti cha nyuma amekaa Bi Peres, mpishi mkuu wa hospitali moja Parklands na abiria wa kila siku wa teksi hiyo, kwa kuwa wagonjwa hula hata Jumapili.

Nyuma yao imeegeshwa pikapu ya Bw Thuo, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ameshauandaa mnyororo wa kuvutia gari, na anapiga mluzi.

"Nikifika Westlands na hii chupa, gari inabaki yangu," anasema Bw Mutiso. "Ikizima kabla ya hapo, Thuo anaibeba leo. Tulikubaliana na bibi yangu huyu, Mama Muindi, mbele ya pasta."

"Mimi sina ubaya na gari," Bi Ndunge anajitetea. "Lakini hii inakunywa kuliko sisi. Sisi tuko na chai ya rangi, yenyewe kila asubuhi iko petrol station kama mgeni wa heshima."

Ni kweli kwamba nusu ya anachopata mumewe kwa siku huishia kwenye tangi. Kinachomkoroga kichwa mama huyu ni kwamba Riruta nzima hakuna dereva anayekwenda polepole kumshinda Bw Mutiso. Wenzake wamembandika jina la Bwana Arusi. Vijana wa boda wakimpita huchungulia ndani na kumuuliza, "Mzee, bibi arusi umemficha wapi?"

Bw Mutiso hajali. Ana falsafa yake, na ukimpa nafasi atakusomea yote.

"Mwendo ndio hula mafuta, hata mtoto anajua. Mimi ni thelathini yangu, gia ya pili. Barabara ikiwa nzuri sana, ya tatu. Ya nne ni ya kukimbiza mgonjwa."

Na ya tano?

"Ya tano ni ya watu wa Mombasa," anajibu, akishangaa kuulizwa. "Namba ikipanda, mafuta pia inapanda. Si hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza?"

Mwendo huo alifundishwa Spring Valley, alikokuwa dereva wa mjane mmoja aitwaye Mama Veronicah. Mama huyo alikuwa na kuku, na marafiki zake wote wa kanisani walikula mayai yake. Alikaa kiti cha nyuma na trei ya mayai mapajani, mwavuli mkononi. Gari likitaka kuvuka gia ya tatu, mwavuli ulitua begani mwa dereva.

Alipohamia ng'ambo kwa binti yake, alimwachia Bw Mutiso gari hilo kwa sharti moja, asilikimbize. "Nilimpa neno langu," anasema. "Mtu amekupa gari bure, utaanzia wapi kumkosea?"

Ndiyo maana kila Krismasi, familia ikienda kwao Mwala, Bi Ndunge hupanda basi. "Nafika, napika, nakula, naosha sahani yangu," anasema. "Ndio baadaye nasikia hiyo injini ikilia huko bondeni. Nikitoka nje, giza limeingia."

Fundi Lenox anaingia kiti cha nyuma, anabanana na Bi Peres na kikapu chake cha mandazi. Safari inaanza.

Gia ya kwanza. Gia ya pili. Injini inalia kwa sauti ya juu, ya kuomba msaada, na mshale wa mwendo unasimama kwenye thelathini. Kikundi cha waendesha baiskeli wa mazoezi kinawapita. Wa mwisho, mzee mwenye kitambi, anawapungia mkono kwa huruma.

Ndani ya chupa petroli inashuka huku wakiitazama. Hapo Kangemi gari linakohoa, linatingishika, linazima.

Bw Thuo anafika na mnyororo wake kabla vumbi halijatulia.

Bw Mutiso anashuka, anafungua boneti na kuuweka mkono wake juu ya injini iliyo moto. "Pole," analiambia gari. "Nilienda polepole nilivyoweza." Kisha machozi yanamtoka, waziwazi, mtu mzima na tai yake, kando ya Waiyaki Way. Bi Peres anaacha kutafuna. Hata Bw Thuo anajifanya kukagua magurudumu.

Bi Ndunge anamtazama mumewe kwa muda. Mwaka mzima amelitaka gari hili liondoke, na sasa linaondoka, na roho inamuuma. Anageuka kwa mnunuzi.

"Thuo, hiyo bei yako ni pamoja na gia zote?"

"Zote, mama."

"Hata ile ya tano?"

"Pia hiyo."

"Hiyo haijawahi guswa. Ni mpya kabisa." Anamgeukia mumewe. "Baba Muindi, hapana. Huwezi kupeana kitu mpya kwa bei ya chuma. Turudi Uthiru uitumie kwanza, angalau aichukue ikiwa mitumba."

Bw Thuo anapinga kwamba makubaliano yalikuwa chupa moja. Bi Peres anatoa kichwa dirishani na kumuuliza kama yeye hununua nguo bila kuzijaribu. Fundi Lenox, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijikuna kisogo kama mtu mwenye neno, anasema tu, "Mzee, mimi ningekuwa wewe ningemsikiza mama."

Basi wanarudi Uthiru, wakivutwa na mnyororo wa Bw Thuo mwenyewe. Chupa inajazwa tena, nusu lita ileile.

Safari hii gari linapanda gia moja baada ya nyingine: ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha Bw Mutiso anapangusa kiganja kwenye suruali, anashika kijiti na kusema kwa sauti, "Mama Veronicah, nisamehe." Anaisukuma mbele.

Kimya.

"Imezima!" anapiga kelele. "Si niliwaambia!"

"Haijazima, mzee," fundi anamwambia. "Imepumzika. Wacha mguu hapo hapo, usiongeze."

Mshale uko kwenye sitini na injini inanong'ona. Bw Mutiso anaegemeza sikio kwenye usukani, haamini. Wanapita Kangemi, wanapapita mahali alipolilia. Wanawakuta wale waendesha baiskeli, sasa kwenye mzunguko wao wa pili, na Bw Mutiso anampungia mkono mzee mwenye kitambi.

Westlands inafika. Chupa bado ina kitu.

"Usisimame!" Bi Peres anaamuru. "Nipeleke kazini!"

Wanaingia hadi lango la hospitali Parklands, petroli ikiwa imebaki kama ya kuwasha jiko la stovu. Bi Ndunge anapiga kigelegele, na askari wa langoni anauliza kama kuna aliyejifungua.

Fundi Lenox anaeleza huku akikunja kimpira. Kwenye gia ndogo, injini inazunguka sana kulisogeza gari kidogo, na kila mzunguko unataka mafuta. "Ni kama mtu wa kupiga hatua fupifupi akiinua magoti. Atatoa jasho na hajafika. Lakini nilimwambia kitambo, akasema mimi natumwa na watu wa petroli."

Hadithi ingeishia hapo kama Bw Mutiso angekuwa mtu wa kiasi. Jumatatu yake, akiwa amelewa furaha, alilifikisha gari kwenye mia moja. Milango ilitetemeka kama mashine ya kusaga mahindi, mshale wa mafuta ukaanguka, na Bi Peres akashuka akitafuta kiatu kimoja. Gari kuukuu likipigwa mbio hivyo hutumia nguvu nyingi kupambana na upepo, fundi alimweleza, na nguvu hizo zote hutoka kwenye tangi.

Siku hizi ni sitini, gia ya tano, mguu mwepesi. Mafuta ya siku moja yanasogea hadi siku ya pili, na Bw Thuo ameileta pikapu yake kwa Lenox ipimwe kwa chupa. Anayelalamika ni Bi Peres pekee. Zamani alikuwa anakula, anasali na kulala kidogo ndani ya gari hilo. "Sasa nafika kazini na chai bado inanichoma," anasema.

Bw Mutiso amempigia simu Mama Veronicah huko ng'ambo na kuungama. Mama aliuliza jambo moja tu, kama mayai yangepona. Aliambiwa sitini yangepona, mia moja yangekuwa kimanda, naye akabariki sitini.

Mpango wake sasa ni Desemba, Mwala. Anataka kuitumia ile gia ya watu wa Mombasa kwenye Mombasa Road yenyewe, na mkewe akiwa kando yake. Bi Ndunge ameulizwa kama atakubali, au atapanda basi lake kama kawaida.

"Basi? La," anasema, akipangusa kioo cha mbele kwa ncha ya leso. "Nimekula Krismasi nyingi peke yangu. Mwaka huu nataka sahani mbili."