Bado Kukausha

Nilifunga safari kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe kwa penseli. Wengine huenda Washington kuona majengo meupe na sanamu za wakubwa. Mie niliitwa kwenda kueleza lengelenge.

Ngoja kwanza niwaambie kazi yangu, maana mama yangu kule Muheza mpaka leo anawaambia majirani kwamba napima vyuma vya magari. Nafanya kazi katika maabara moja kwenye mji mdogo wa Pennsylvania. Fimbo za fueli za kinu cha nyuklia zikishatumika, huzamishwa kwenye bwawa refu la maji, zikakaa humo miaka. Zimepangwa karibu karibu ndani ya rafu za chuma, na katikati yake kuna mabamba yenye boroni. Kazi ya boroni ni kumeza nyutroni, ili fimbo zile zisianze tena kuchocheana. Mabamba yenyewe yamebanwa ndani ya rafu, hayatoki kuangaliwa. Kwa hiyo vipande vidogo vya bamba lile lile huning'inizwa bwawani, na kila baada ya miaka kadhaa kimoja hutolewa na kuletwa kwetu. Kikiwa kizima, tunasema na mabamba ni mazima. Wenyewe huviita kuponi. Mama aliposikia hivyo akaniuliza nimeshinda nini.

Kipande kikifika tunakikausha taratibu kwa moto mdogo, ndipo tunakipima. Ukikikausha kwa pupa, maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na kuinua ngozi ya alumini. Hapo unapata lengelenge, kama la mkono ulioungua. Ila lengelenge laweza kuota humo humo bwawani pia, kidogo kidogo kwa miaka, na hilo ndilo la kutazamwa vizuri, kwa kuwa yaliyokipata kipande huenda yamelipata na bamba. Sasa kipande cha nne kilikuja nalo. Nililigusa kwa kidole, glavu mkononi, kipande kingali kinachuruzika maji. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika mambo ya kabla ya kukausha, na picha hupigwa baada ya kukausha tu. Nikachukua penseli nikaandika pembeni, kwa haraka, kwa lugha inayonijia kwanza: "Lengelenge kona ya chini. Bado kukausha."

Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Fomu ya kazi si mahali pa kuandika Kiswahili. Lakini nani kati yenu hajawahi kuandika kwa haraka akijua atasoma mwenyewe?

Wakaguzi wa serikali walipotaka maelezo, msimamizi wangu Keith aliyatia maneno yangu kwenye simu yake. Simu ikamtafsiria kwamba lengelenge lilionekana kipande kikiwa bado kinakauka. Akafurahi, masikini, maana hilo lilimaanisha tanuri yetu ndiyo iliyolileta, na bwawa la mteja wetu, mwenye kinu, halina neno. Nilimweleza maana yake. Akanisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza kama kweli nina hakika, vipande vingi namna ile vinavyopita mikononi mwangu. Hakuniambia niseme uongo. Aliniomba nikubali kwamba huenda sikumbuki vizuri. Ningepewa mafunzo kidogo ya kukausha, basi, yakaisha. Akataja pia, kama kwa bahati tu, kwamba barua ya maabara kwa ajili ya karatasi zangu za ukaazi iko mezani kwake inasubiri sahihi. Nilitoka ofisini mwake nimenywea.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi. Keith alikuwa ametangulia kwa ndege na watu wa mteja. Nje kulikuwa na ukungu juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na dereva alikuwa mtu wa kukohoa. Nilikaa dirishani nikijaribisha sentensi zangu kwa Kiingereza. Nilianza na "nina hakika". Tulipopita Harrisburg nilikuwa nimefika "nadhani". Karibu na Baltimore nikajikuta nimefika "inawezekana", nikajichukia mwenyewe. Jamani, mtu anaweza kukunjwa bila kuguswa.

Saa tano na nusu tuliingia stesheni kuu ya Washington. Nikateremka kwenye treni za chini, nikashika reli nyekundu hadi Takoma. Mwenyeji wangu, Mama Nzigire, anaishi upande wa pili wa mpaka wa jiji, Takoma Park, katika jengo la matofali la ghorofa tatu, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni. Ni mtu wa Bukavu. Tuliishi jengo moja miaka yangu ya mwanzo Marekani, na yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili mbili. Sasa anamtunza mzee mmoja mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Alinipokea mlangoni na sare yake ya kazi, akanishika mashavu akasema nimekonda. Kisha akaninyang'anya begi kana kwamba ningelikimbia nalo.

Mchana ule alipika fufu, ugali wa muhogo, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikula nasi; tulimsemesha Kiswahili, akatujibu yote kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Nikaanza kusimulia habari ya lengelenge. Mama Nzigire alidhani nimekuwa muuguzi. Akaniuliza mgonjwa ana umri gani, na kama wanamgeuza kila baada ya saa mbili. Nilicheka mpaka machozi. Nilipomweleza kwamba ni la chuma, hakuona tofauti kubwa, akasema niendelee.

Nikamwonyesha nakala ya fomu. Akavaa miwani, akasoma maneno yangu ya pembeni.

"Inasema hauyakausha bado," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani hujakausha. "Banauliza nini tena?"

Nikamwambia wanachouliza. Nikamwambia na habari ya barua iliyo mezani kwa Keith. Hapo akavua miwani, maana karatasi anazijua. Alizisubiri miaka mingi kambini kabla ya kuletwa huku. Nilitegemea aniambie nijikaushe tu, nipite salama. Badala yake alianza kunieleza kazi yake. Mwaka wa kwanza alimkuta mzee na kidonda cha mgongoni, akamwosha, akambadilishia shuka, ndipo akaandika. Wanawe mzee wakasema yeye ndiye aliyemchubua. Nusura afukuzwe.

"Tangu siku ile, mbele ya kunawisha mzee, naandika kwanza," akasema. "Kidonda nilikikuta, ao kidonda nilikileta, hiyo ni mambo mbili. Ukisema ulikileta, hakuna mutu atatafuta penye kilitoka."

Nilitazama sahani yangu. Mpaka saa ile nilikuwa nawaza juu yangu tu, kazi yangu, karatasi zangu. Nilikuwa sijawaza kabisa kwamba nikilibeba lile lengelenge mie, hakuna atakayerudi kulitazama bwawa.

Jumanne, saa moja asubuhi, Mama Nzigire alinisindikiza hadi stesheni akielekea kwa mzee wake. Rockville, kwenye ofisi za wakaguzi nilikokuwa nimeitwa, si mbali na Takoma, ila ile reli nyekundu imepinda: lazima uteremke mpaka katikati ya jiji ndipo upande tena upande wa pili. Saa nzima njiani. Watu walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa, kila mtu na simu yake, na mie nimekumbatia bahasha.

Saa tatu kikao kilianza. Chumba kilikuwa cha kawaida kabisa, zulia la kijivu, majagi ya maji, viti vya wananchi nyuma na wananchi wenyewe wawili tu. Mkaguzi aliyeongoza alikuwa mama Mmarekani mweusi wa makamo, nywele fupi zenye mvi, sauti ya chini. Watu wa mteja walionyesha picha zao. Keith akasimama akasema maabara imechunguza na inaelekea lengelenge lilitokea katika kukausha. Fundi mwenyewe, akasema, aliandika hivyo. Akaionyesha ile tafsiri ukutani. Maneno yangu mawili yalikuwa makubwa kama mlango, na chini yake Kiingereza kisichosema nilichoandika.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari, lakini ulimi ulikataa.

Yule mama mkaguzi aliinamia karatasi yake kwa muda. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba zamani alisoma Kiswahili miaka miwili, chuoni kule Fairfax, na kwamba mwalimu wake alimtesa sana kwa neno hili moja, "bado", kwa sababu kwa Kiingereza linahitaji maneno mawili tofauti. Wakati mwingine ni jambo linaloendelea. Wakati mwingine ni jambo ambalo halijaanza. Akaniomba radhi kwa matamshi yake, akanigeukia, akauliza polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Dada, ulipoona lengelenge, ulikuwa umeshakausha?"

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Keith naye alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, niliona ombi. Nikaiona na ile barua mezani kwake. Nikakiona kidole changu ndani ya glavu, na maji yakichuruzika.

"Bado," nikasema.

Basi. Mama mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akawageukia wenzake akawatafsiria: hapana, alikuwa hajakausha. Baada ya hapo ulimi wangu ulifunguka. Nilieleza kwa Kiingereza kila kitu, meza ya kupokelea, kona ipi, fomu isiyo na mstari, na kosa langu la kuandika lugha wasiyoisoma. Hakuna aliyepiga kelele. Lengelenge moja halimaanishi hatari, walisema, na mie nakubaliana nao. Mabamba yamekadiriwa kwa kuacha akiba ya kutosha ya usalama. Ila mteja aliambiwa atoe kipande kingine kabla ya wakati wake, na aeleze atayapimaje mabamba yenyewe humo humo bwawani. Fundi mmoja wao aliandika hayo bila kuinua uso.

Saa saba mchana tulikuwa kwenye lifti, mie na yule mama. Alinitakia safari njema, kisha akauliza kama amelitamka "umeshakausha" sawasawa. Nikamwambia amelitamka vizuri kuliko wengi wa nyumbani. Nilimdanganya kidogo hapo, lakini uongo wa namna hiyo unaruhusiwa.

Jumatano nilirudi kwa basi lile lile, dereva yule yule, kikohozi kile kile. Mama Nzigire alikuwa amenifungia sombe kwenye kopo la plastiki, na lilivuja kwenye begi langu hadi Harrisburg. Njia nzima niliwaza kwamba kwa miaka mingi nimejihesabu kuwa mtu wa vipimo, mtu wa nambari. Kumbe kazi ya kuviangalia vile vipande imesimama juu ya kitu kidogo zaidi: mtu aseme alichokikuta kabla hajakigusa, na akiseme kwa maneno yasiyoweza kugeuzwa. Siku hizi naandika sentensi nzima. Fomu nayo imeongezewa mstari, "hali kabla ya kukausha", na picha inapigwa mara mbili. Keith mwenyewe ndiye aliyeuchora mstari ule, akaniwekea fomu mezani. Ile barua sijaisikia tena.

Jumapili mama alinipigia. Nilimsimulia safari yote, reli iliyopinda, sombe iliyovuja, mama mkaguzi na Kiswahili chake cha darasani. Akacheka sana. Kisha, kuku wake wakilia nyuma, akaniuliza kama wamenifukuza.

"Bado," nikamwambia.

Akauliza, na karatasi je, wamezitia sahihi?

Nikamjibu kwa neno lile lile.