Sarafu Waliyosema Imetoka Mfukoni mwa Mume Wangu

Admini, ficha jina langu na usitaje mtaa ninaokaa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tano, Mrundi, niko Bujumbura. Majina ya watu nimeyabadilisha. Naandika huku machozi yananitoka, maana binti yangu anasubiri jibu Jumamosi, nami sina.

Mume wangu nitamwita Deo. Tulipooana tulipanga nyumba Mutanga Sud. Kabla ya vita alipelekwa Misri kwa mafunzo ya kilimo, akarudi na sarafu ya kale aliyoinunua barabarani kama ukumbusho. Ilikuwa ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili tai. Ndugu na marafiki aliwaletea nyingine za bei rahisi zinazofanana nayo. Hata mdogo wake, Kizito, alipata yake.

Watu walimcheka. "Deo, wamekudanganya, zote ni za kiwanda kimoja!" Akachoka, akaipeleka kwa padri mmoja mzee kule Kiriri aliyezijua sarafu za zamani. Tulikwenda wote. Padri aliiweka kwenye mizani ndogo, akaikagua ukingoni kwa kioo cha kukuzia, akasema ni ya kweli, iligongwa kwa nyundo zamani kabla ya Yesu kuzaliwa. Nyundo ilikwenda upande, ndiyo maana kisogo cha mfalme kilikatika. Deo alifurahi kama mtoto. Tangu hapo haikutoka mfukoni mwake.

Vita ikaja. Mama mkwe akakimbilia kwetu na ugonjwa wake wa presha. Siku moja, vijana wamefunga barabara kwa mawe, dawa zake zikaisha. Nilikuwa na mimba. Deo akaniambia, "Nafika tu pharmacie, narudi."

Hakurudi.

Nilizunguka hospitali, nikazunguka kambi za wakimbizi, nikafunua mashuka juu ya watu nisiowajua. Hakuna. Mama mkwe alijiona yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Alikaa langoni kutwa, hali, hanywi, na dawa tulizokuja kupata alizitema. "Zilimla mwanangu," alisema.

Nilikuwa nimeshajifungua Kezia pale Kizito alipoingia na kitu kwenye kitambaa. Akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nimepata mutu aliyemuzika Deo. Walimuzika vizuri, na sala. Hii ilikuwa mu mufuko yake."

Ilikuwa sarafu, imejaa tope. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akalia hadi sauti ikakauka. Kisha akaomba maji. Kisha akaomba uji. Tukaweka matanga, watu wakaja kutupa pole.

Mimi niliomba niioshe. Tope lilipotoka nikakiona kisogo cha mfalme, kizima kabisa, hakikukatika popote. Nikajiambia ni uchungu unanichezea macho. Nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda tena Kiriri.

Safari hii padri hakugusa hata mizani. "Binti yangu, ona huu mstari ukingoni. Hapa ndipo nusu mbili za kalibu ya kumiminia zilipokutana. Na hivi vitundu ni vya hewa. Hii haikugongwa, ilimiminwa. Siyo ile ya Deo."

Niliporudi nilimwacha mtoto kwa bibi yake, nikamkuta Kizito nyuma ya nyumba. Nilipomwonyesha tu, akakaa chini.

"Ni yangu," alisema. "Ile aliniletea Misri. Shemeji, mama alikuwa anakufa. We uliona."

"Na mutu aliyemuzika?"

"Apana. Hakuna mutu."

"Na Deo?"

"Sijui Deo iko wapi. Mi pia kila nikitoka namutafuta." Akafunika uso. "Usimuambie mama. Nakuomba."

Ndani nilisikia mama anamwimbia mjukuu wake, kwa mara ya kwanza. Nikaingia, nikamrudishia sarafu.

Aliivaa shingoni, akaishi mpaka vita ikaisha. Alipokaribia kufa akamvisha Kezia. "Shika, huyu ni baba yako." Kizito naye ameshafariki. Nimebaki peke yangu na jambo hili. Waliotaka kunioa niliwakataa, watu wakasema nina kiburi. Mpaka leo, nikipita sokoni, namtazama usoni kila mwanaume wa umri wake.

Sasa Kezia anaolewa. Hataki kuingia kanisani baba yake akiwa hana kaburi. Jumamosi hii wanachimba kando ya bibi yake, wataizika ile sarafu, na msalaba wenye jina la Deo umeshachongwa. Juzi alinishika mikono akasema, "Mama, we ndiye utatupa udongo wa kwanza. Na mara hii ulie, mama. Sijawahi kukuona unamulilia papa."

Nikisema ukweli, namnyang'anya baba pekee aliyewahi kumshika, siku chache kabla ya harusi, na nawavua heshima marehemu wawili waliopendana, bibi yake na Kizito. Nikinyamaza, mimi mke wake namfukia kwa mkono wangu mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekufa. Usingizi umenikimbia, chakula hakipiti, na Kezia anadhani ni furaha ya harusi.

Ninyi mnaosoma, hasa mliopotelewa na watu wenu na hamkuona mwili: Jumamosi nichote ule udongo, au nimzuie mwanangu mbele ya watu wote? Semeni nami kama ndugu, nimefika mwisho.