Kinyozi wa wodi na binti aliyemsihi

Saa mbili asubuhi, kinyozi anavuta kiti chake cha plastiki hadi kwenye baraza ya wodi ya wanaume. Anapangusa mashine kwa spiriti, kisha anamfunga shuka shingoni mzee mmoja mwenye ndevu zilizotimka.

"Babu, tupunguze au tunyoe zote?"

"Punguza tu. Nina mchumba humu ndani," anajibu mzee, na baraza nzima inaangua kicheko.

Swali hilo ni jipya hapa. Kwa miaka mingi kinyozi huyu wa hospitali ya wagonjwa wa akili hakumuuliza mtu. Kila aliyelazwa wodi ya wanaume alipita kwanza kwenye kiti chake, akatoka kipara. Ndio ulikuwa utaratibu, kisa chawa. Naye analipwa kwa kichwa, kwa hiyo hakuona sababu ya kuubishia.

Kisha akaletwa binti mmoja aliyemaliza shule majuzi tu. Alipozaliwa aliandikwa mtoto wa kiume, lakini tangu utotoni alijijua ni msichana. Nyumbani walimkataa, wakamsimanga, hadi akataka kujitoa uhai. Mapokezi wakatazama kitambulisho chake, wakampeleka wodi ya wanaume.

"Alikuwa na nywele ndefu, kazisuka mwenyewe," kinyozi anasimulia, akitazama sakafu. "Akanishika mkono. Akasema, 'Baba, nakuomba, hizi usiziguse.' Mimi nikamtania, 'Mrembo, huku hakuna harusi.' Watu wakacheka, nami nikawasha mashine."

Binti hakulia. Kuanzia hapo hata chakula akakikataa. Muuguzi wa wodi ndiye aliyemvuta kinyozi pembeni, akampa ukweli wake bila kumung'unya maneno.

"Alikuja hapa kabakiwa na kitu kimoja cha kumfanya avumilie kujitazama kwenye kioo. Wewe ukakifagia na takataka."

Kinyozi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nina mabinti wawili mimi. Wakiniletea kitana niwachane, naona haya kuwatazama."

Daktari alimhamishia binti chumba cha peke yake, dawa zikamkubali, akaruhusiwa. Alitakiwa kurudi kliniki kila mwezi. Hakurudi. Badala yake alikuja mama yake, akasimama mbele ya kile kiti.

"Baba, dawa zimekwisha. Mwanangu hali, halali, naogopa hata kwenda sokoni nikamwacha. Anasema hakanyagi hapa maadamu wewe upo. Nami sina uso wa kumlazimisha, maana kumuumiza nilianza mimi."

Siku hiyo hiyo kinyozi alikwenda kwa muuguzi mkuu, akasema hanyoi tena mtu asiyetaka. Chawa wana dawa yao. Halafu akaomba siku za kliniki asije kazini, na mama akapelekewa habari hiyo. Siku asiyokuja haingizi kitu, na mkewe alimjia juu mpaka alipoelezwa sababu.

Leo ndevu za mzee zimefika nusu, muuguzi wa wodi anapotokea na sinia la dawa.

"Jana yule binti alikuja kliniki," anamwambia kinyozi. "Kajifunga kilemba, kaja na mama yake. Dawa kachukua. Na kakuulizia."

Kinyozi anazima mashine. "Kaniulizia nini?"

"Kama bado unawanyoa watu wanaokusihi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia jibu atalipata kwako."

Kinyozi anafuta macho kwa upindo wa shuka la mteja wake.

"Dada," kinyozi anasema hatimaye, "mwezi ujao nataka nimfungulie moyo wangu. Ila muulize kwanza. Akikubali nije, nitamwambia mbele ya mama yake kwamba siku ile alinisihi nami nikamcheka, na sina cha kujitetea. Akikataa, nitabaki nyumbani kila kliniki, hata mpaka nizeeke. Mradi yeye aje."