Vibao Kwenye Nyasi za Kocha

Mimi nafua jezi. Nimezifua miaka thelathini na moja katika chuo chetu kidogo cha Kilutheri hapa Brandvold, Iowa, kwa hiyo nikikwambia jambo kuhusu Orrin Vasgaard usiseme Lavonne anatia chumvi. Mtu ukimfulia nguo za uwanjani miaka kumi na tisa, unamjua. Unajua siku aliyopiga magoti kwenye matope, na unajua siku aliyofuta machozi kwa mkono wa koti akidhani hakuna aliyemwona.

Alikuwa kocha wa mpira wetu huu wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Alituletea ubingwa wa kanda mara nne, na mji mzima ukambeba juu juu. Mkahawani kwa Bev alikuwa haagizi chakula. Akiingia tu, bakuli la maharage ya nyama yenye pilipili na mkate wa mdalasini vimeshatua mezani, na wakulima wanavuta viti kumzunguka ili awaonyeshe mchezo wa Jumamosi kwa kupanga chupa za chumvi na pilipili. Ilikuwa kila Alhamisi. Nawajua watu waliokataa miadi ya daktari kwa sababu iliangukia Alhamisi.

Kisha magoti yake yakagoma, mkurugenzi wa michezo wa zamani akastaafu, na wakubwa wa chuo wakasema nani mwingine zaidi yake. Wakampa ofisi, tai, na kiti katika chumba cha vioo juu ya uwanja. Tulishangilia wiki mbili. Nami nilishangilia, sijitoi.

Baada ya hapo ndipo nilipowajua watu wangu. Kocha wanampenda, lakini mkurugenzi hawamtaki hata kumwona, na wala hawajali kwamba ni mtu yule yule. Mkurugenzi ndiye aliyepandisha bei ya tiketi. Ndiye aliyewahamisha kina Gaylen Stopes kutoka kona yao ya maegesho, walipokuwa wakichoma soseji kabla ya mechi tangu enzi za babu zao. Ndiye aliyevunja timu ya mieleka, ingawa barua ilitoka juu na yeye alitia sahihi tu huku ameuma meno. Alhamisi ziliendelea, ila chupa za chumvi zilibaki mahali pake, na Bev akaanza kumuuliza angependa kula nini.

"Kocha," Gaylen alimwambia siku moja. Gaylen anauza matrekta na mdomo wake haujawahi kupumzika. "Hiyo tai inakubana shingo au inakubana akili?"

Meza nzima ikacheka. Orrin naye akacheka, akailegeza tai kidogo, akaendelea kula.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Kilichommaliza ni Clint.

Clint Kolar alikuwa mchezaji wake, yule anayesimama nyuma na kurusha mpira. Baba yake, mfugaji wa nguruwe, alifariki Clint akiwa mwaka wa kwanza, na Orrin na mkewe Joyce wakamchukua. Sikukuu ya Shukrani alikula kwao, Krismasi alilala kwao. Orrin alipopanda cheo, jambo la kwanza alilofanya ni kumleta Clint awe kocha mahali pake, na Clint akahamia na mkewe na watoto katika nyumba ya matofali ya manjano, nyumba ya chuo ambamo kila kocha wetu hukaa. Iko mkabala na kwangu. Nikifungua pazia la jikoni, naiona.

Sasa kuna mtindo wetu mmoja hapa, nami naona aibu kuusema. Timu ikifungwa mno, watu huenda kung'oa vibao vya NYUMBA INAUZWA kwenye nyumba zinazouzwa kweli, wilaya nzima, wakaja kuvichomeka kwenye nyasi za kocha. Ukiuliza ni nani, hakuna anayejua. Mzaha tu huo, wanasema. Mwaka wa tano wa Orrin walimchomekea ishirini na viwili, na Joyce alilia jikoni kwangu mpaka kahawa ikapoa. Asubuhi ile ile, kabla watu hawajaenda kanisani, nikamwona Clint amekuja na pikapu ya marehemu baba yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akaving'oa vyote, akazunguka wilaya nzima kutwa akikirudisha kila kimoja kwenye nyumba yake, na hakumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemwambia Orrin.

Akasema, "Huyo ni mwanangu, Lavonne."

Mechi ya kwanza ya Clint kama kocha, Orrin alishuka kutoka chumba cha vioo, akasimama pembeni mwa uwanja na suti yake. Nafikiri alitaka tu kuwa karibu. Mambo yakabana, Clint akageuka kumtazama, nukta moja tu, kama anavyogeuka mtoto. Jukwaani wakaona. "Muulize baba! Muulize baba!" Watu elfu tatu, na wengine nawajua wanaimba kwaya. Orrin akapanda ngazi akarudi juu, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Alikaa nyuma ya kioo ameikalia mikono yake, yaani ameiweka chini ya mapaja, ili isianze kuelekeza mchezo yenyewe. Nilikuwa nikipeleka taulo huko juu, nikamwona hivyo miaka minne.

Clint hakuwa kocha mbaya, ila alifungwa. Mwaka jana alishinda mechi mbili. Mwaka huu alishinda moja, na Jumamosi ya mwisho ya msimu wakatufunga arobaini na nane kwa tatu, nyumbani, kukiwa na baridi ya kukata masikio.

Baada ya mechi Orrin alishuka kwenye chumba changu cha kufulia. Alipokuwa kocha alipenda kukaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mashine za kukaushia, kwa sababu pana joto na hakuna anayeuliza kitu. Akakaa.

"Mkuu wa chuo aliniita robo ya tatu ya mechi," alisema. "Amekaa na wafadhili. Clint anaondoka. Wanataka kesho saa sita mchana liwe limekwisha."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema hapana."

"Halafu?"

"Wakanishukuru kwa maoni yangu."

Nikatupa jezi kwenye mashine kwa hasira. "Si ujiuzulu basi! Wewe ni mkurugenzi au ni pambo?"

"Nikijiuzulu atapigiwa simu na mtu asiyejua hata majina ya wanawe. Nimewaomba jambo moja, Lavonne. Alisikie kwangu. Nikae naye mezani kwake, nimwambie kwa mdomo wangu kabla hajalisikia kwa mtu yeyote. Hilo wamenipa."

"Kocha. Hilo ndilo ulilopata?"

"Ndilo nililopata."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mtu aliyekuwa akipiga filimbi na wanaume tisini wanasimama kama wamegandishwa, leo anashukuru kuruhusiwa kubeba habari mbaya.

Jumapili asubuhi nilifungua pazia, na vibao vilikuwa vimeshachomekwa. Vilikuwa kumi na saba, kimoja wamekiegemeza kwenye bembea ya watoto. Nilisimama na kikombe changu. Ningeweza kutoka nikaving'oa. Nimezoea kusema nyonga yangu inanisumbua, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana. Nami nakula kwa Bev pamoja nao.

Saa tatu kasoro gari la Orrin likasimama. Akatoka na koti lake la kanisani, na tai. Alipoona vile vibao akavua glavu. Akaanza kuving'oa. Cha kwanza kikatoka, cha pili kikatoka, akavilaza kwenye nyasi taratibu kama vitu vya kuvunjika. Cha tatu kilikuwa kimezama, na ardhi ya Novemba ilikuwa imeganda. Akakishika kwa mikono miwili, akapinda lile goti lake baya, akawa anakisukuma huku na huku kukilegeza.

Ndipo ibada ya kwanza ikatoka, na magari yakaanza kupita mtaani kwetu.

La Gaylen lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, na simu ikatoka kabla ya kichwa. "Kocha! Kichomeke hicho! Kandamiza kwa nguvu zote!"

Orrin akanyanyua mkono kumkatalia. Lakini kibao kilikuwa kimeng'oka wakati huo huo, kikapanda na mkono. Hiyo ndiyo picha iliyozunguka: mzee amesimama kwenye nyasi za kocha, tai shingoni, ameinua NYUMBA INAUZWA juu kama kombe.

"Huyu ndiye mzee wetu sasa!" Gaylen alipiga kelele, akapiga na honi. Magari ya nyuma nayo yakaitikia kwa honi, hata la mchungaji msaidizi.

Mlango wa nyumba ya manjano ukafunguliwa. Clint akatoka kibarazani na soksi tu. Nikainua dirisha langu, sikujali tena baridi.

"Kocha," Clint alisema. Mpaka leo naye anamwita hivyo.

"Clint, si hivyo, mwanangu. Nilikuwa naving'oa."

"Ulikuja kuving'oa?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na asubuhi ingepona hadi saa sita. Lakini Orrin hajui kudanganya, ndiyo maana hakuwahi kufaa ofisini.

"Naomba niingie kwanza. Tukae mezani."

Clint akaitazama tai, akalitazama koti. Nikaona mabega yake yakishuka. "Watoto ndio wako mezani, wanakula," alisema. "Sema hapo hapo ulipo."

"Mwanangu, nakuomba."

"Sema, Kocha."

Basi akasema. Aliyasema pale pale, katikati ya vibao, na honi bado zinalia upande wa kona. Sikusikia maneno, niliona midomo tu. Hayakuwa mengi. Katikati ya maneno simu ya Clint ikalia mfukoni, akaitoa, akaitazama, akamgeuzia Orrin kioo aone. Picha ilikuwa imeshafika.

Hapo ndipo nilipotoka na ndara zangu, nimechelewa kama kawaida yangu. "Clint! Nimeona kwa macho yangu, alikuwa anaving'oa! Gaylen ni mwongo!"

"Najua, Lavonne," alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. "Najua alikuwa anaving'oa. Halafu akimaliza kung'oa alikuwa afanye nini?"

Clint akafunga mlango polepole, ili watoto wasishtuke.

Orrin alivipakia vyote kumi na saba kwenye gari, akaenda kuvirudisha. Alirudi jioni. Joyce aliniambia kwamba mama mmoja kule Decker alimtambua kutokana na ile picha, akampokea kibao chake kwa furaha, akaomba wapige picha pamoja.

Siku nne tu zikapita. Alhamisi nilikwenda kwa Bev mapema, nimejipanga kusema. Picha ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na kaunta. Orrin alipoingia, mkahawa mzima ukasimama ukampigia makofi. Mkurugenzi mwenye uti wa mgongo, walisema. Bakuli lake na mkate wa mdalasini vilikuwa vimeshawekwa mezani. Hakuna aliyemuuliza atakula nini, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

"Alikuwa anaving'oa, nyie!" nilisema. "Nilikuwepo! Mimi nakaa pale!"

"Lavonne, mama, usimharibie mzee siku yake," Gaylen alisema.

"Nilikuwa naving'oa," Orrin akasema mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Ndiyo, Kocha, ndiyo." Gaylen akawakonyeza wenzake. "Mbele ya wakubwa sema hivyo hivyo. Hapa uko nyumbani."

Wakacheka kwa mapenzi, na hilo ndilo baya zaidi, yalikuwa mapenzi ya kweli. Wakavuta viti kumzunguka. Mmoja akaondoa maua mezani, mwingine akamsogezea chupa za chumvi na pilipili, zote za meza za jirani pia, mpaka zikawa ishirini na mbili, timu mbili kamili. Walitaka awaambie msimu ujao utachezwaje na kocha mpya ni nani. Dirishani, ng'ambo ya barabara, lori la kukodi lenye vitu vya kina Clint lilikuwa linaweka mafuta.

Orrin alilitazama lile lori, kisha akazitazama chupa. Akaichukua mikono yake yote miwili kutoka mezani, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia. Nao wakaendelea kumsubiri aanze.