Kikombe cha Marehemu

Suyun alikuwa mtu mkavu, jamani. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja maabara ya chuo pale Changsha, mimi nilimtania na yeye akanijibu "mm". Akila, anakula peke yake dirishani.

Kazi yetu ni fuwele za perovskaiti, zinazogeuza umeme kuwa mwanga. Nyingi zina madini ya risasi ndani. Ukipulizia dawa yetu palipo na risasi, hata chembe, fuwele hujiunda papo hapo, na ukimulika kwa tochi ya zambarau panang'aa kijani. Panapendeza, mpaka uuone mng'ao huo kwenye sahani yako.

Kwao Suyun ni bondeni, chini ya kiwanda cha zamani cha kuyeyusha madini, na kisima chao kina sumu hiyo ya risasi. Mama yake alikufa kwa figo. Ndipo Suyun akatengeneza unga wa kunasa risasi, akautia kwenye chujio, akampelekea baba yake, mzee Changgen. Lakini kila mzee akipimwa damu, risasi iko palepale.

"Unga wangu haufai," akaniambia. "Na kuhama hataki. Nikimpoteza na yeye, sina mtu."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo. Nikasema twende.

Mzee alitupokea kwa makelele. "Umekonda! Huko mjini mnakula karatasi? Na huyu nani, mkwe?"

"Mwenzangu wa kazi, baba."

"Basi mwenzako ale pilipili."

Nikala, machozi yakanitoka, mzee akacheka mpaka akapaliwa. Suyun hakucheka. Alifunga madirisha mchana kweupe, akapulizia ukoko wa chai ndani ya kikombe cha baba yake, akamulika. Kijani kitupu! Akaketi sakafuni, uso umemshuka.

Mimi mbishi. Nikazungusha tochi chumbani, nikaona kikombe kingine cha chai, kidogo, kimewekwa mbele ya picha ya marehemu mama yake. Nikamwonyesha. Akakimwaga, akapulizia. Hakikung'aa hata nukta.

"Baba, maji ya chujio unampa nani?"

"Mama yako."

"Yote?"

"Linatoa tone kwa tone, yatatosha nani? Chai yake, wali wake, yamekwisha. Uchafu wa kisima kaunywa maisha yake yote, na mchotaji nilikuwa mimi. Leo yamekuja maji safi, nimtangulie kunywa?"

"Baba, mama amekufa!"

"Najua. Nilimzika mimi. Wewe ulikuwa na kazi."

Lo! Sikujua nitazame wapi. Suyun alisimama kwenye chujio mpaka birika la mama yake likajaa. Akapika chai, akamwekea mama yake kwanza, kisha akamimina kikombe cha pili.

"Kila siku unamwacha anakunywa peke yake," akasema. "Kaa naye, baba. Unywe naye. Nitaleta chujio jingine, na nitakuja mwenyewe."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Suyun akageukia ukuta, akalia kwa sauti.